Mahali pa Kujaza Upepo

Juzi nilimkabidhi Mwanajuma, anayeshika nafasi yangu, funguo za kabati la ramani, na kabla hajanipa mkono wa kwaheri akanitaka kitu kimoja: niwaandikie ninyi mliobaki jinsi tulivyokuwa tukipanga safari za magari milimani, wakati ambao njia ilitafutwa kwa miguu na kuandikwa kwa kalamu. Nimekubali kwa sharti kwamba hapatakuwa na habari za vyeo wala mishahara. Vyeo havikunifundisha kitu, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika niliyoyaona. Nianze na jambo ambalo wengi wenu hamlijui: mimi Riziki binti Salim, niliyewapangia madereva njia kwa zaidi ya miaka thelathini, sijui kuendesha gari. Nilijaribu mara moja, humu humu uani, na kama mmewahi kujiuliza kwa nini ukuta wa choo una matofali mapya upande mmoja, sasa mmepata jibu.

Nilikuja Ukunda kutoka kwetu Waa nikiwa na cheti cha kupiga chapa na viatu vya kuazima. Bwana Hamadi, mwenye kampuni, alikuwa na Landrova tano na madereva watano, kila dereva akiamini kwamba mwenye kampuni ni yeye. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa barua za kwenda hotelini. Siku ya kwanza hapakuwa na barua hata moja, basi niliketi mbele ya ramani kubwa ya Kwale iliyobandikwa ukutani nikaisoma yote, kuanzia Vanga hadi Taru. Jioni Bwana Hamadi aliponiuliza siku imekwendaje, nilimwambia kwamba barabara ya Waa kwenye ramani yake inapita ndani ya kisima chetu. Alicheka sana, akamwita Mzee Mwachiro aje amwone msichana anayebishana na serikali.

Mzee Mwachiro alikuwa msimamizi wa vibarua wa barabara kabla ya kustaafu, na Bwana Hamadi alimwajiri azikague njia kabla magari hayajapelekwa. Alikuwa mtu wa kulalamika. Alilalamikia jua, mvua, chumvi ya mchuzi na bei ya tumbaku, na goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha, kwa hiyo alihitaji mtu wa kumpandia mahali ambapo yeye asingefika. Mtu huyo nikawa mimi. Alikaa chini kwenye jiwe akipiga kelele, nami juu nikipiga kelele za kumjibu, na hivyo ndivyo nilivyosomeshwa.

"Dereva atakwambia hapo pamepitika," aliniambia siku moja huko Kinango. "Usimwamini. Muulize: alipita nani, lini, na alikuwa amebeba nini? Akijibu yote matatu, bado nenda mwenyewe ukapatazame."

Yeye ndiye aliyenipa ufito wangu. Ulikuwa ufito wa mkandaa uliotoka Msambweni, ameukata sawasawa na upana wa Landrova, tairi hadi tairi upande wa nje, akaongeza shubiri moja ya salama. Karibu na mwisho mmoja aliuchonga alama: ukiusimamisha ufito, alama ile inakuonyesha tumbo la gari linaning'inia wapi. Kazi ni rahisi. Unatembea njia nzima na ufito wako. Pale ambapo umelala baina ya miamba miwili bila kugusa, gari litapita. Pale ambapo jiwe limeipita alama, gari litapigwa tumbo. Madereva walinicheka kwa miaka. Waliniita Bi Ufito, na Mutua, aliyekuwa kiongozi wao, alikuwa akipiga saluti kila nikipita nao uani.

Zaidi ya ufito palikuwa na karatasi. Kila dereva alipewa karatasi moja ya safari, nami niliandika humo kila kitu kwa mpangilio: gari gani litangulie, wapi waachane nafasi, wapi wageni washuke, maji ya kunywa yako gari lipi na ya rejeta yako lipi. Dereva mgeni sikumweka mwisho, nilimweka wa pili, amwone kiongozi mbele yake na awe na mtu wa kumpigia honi nyuma. Vituo vya kupumzika nilivipanga kwa swala, adhuhuri na alasiri, kwa kuwa nusu ya madereva wangesimama tu hata nisipoandika, na nilikuja kugundua kwamba injini nazo zilikuwa zimechemka kufikia saa hizo hizo. Mutua, ambaye ni Mkamba wa Machakos na mtu wa kanisa, alikuwa akisema hakuna kampuni nyingine Kenya ambayo rejeta zake zimesilimu.

Karatasi hizo walizipokea kwa adabu, wakazifungia mandazi. Sitawaficha, jambo hilo liliniuma. Mtu anatembea siku tatu juani, anarudi na malengelenge, anaandika usiku kucha, kisha anaikuta kazi yake ina mafuta ya mandazi na alama ya kidole gumba. Lakini njia zetu wakati huo zilikuwa za mchangani, ufuo wa Diani, vichaka vya Msambweni, vivuko vya kuelekea Funzi, na madereva walizijua hata wakifumba macho. Hawakunihitaji, na mimi nilijua kwamba hawanihitaji.

Kisha ukaja mwaka ule wa fujo za Likoni. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Wageni walikatika, hoteli zikafunga milango moja baada ya nyingine, na watu wa bara tuliokuwa tukifanya nao kazi wakafunga virago wakarudi kwao. Mutua alibaki. Baada ya fujo zikaja mvua za Elinino, zikazibomoa hata zile barabara ambazo tungeweza kuzitumia kama tungepata mgeni. Kufikia katikati ya mwaka wa tisini na nane, magari matano yalikuwa yamesimama uani na kuku wa jirani wanatagia chini yake.

Asubuhi moja Bwana Hamadi alituita sote ofisini, watu kumi na mmoja. Hakuketi.

"Sitawazungusha," alisema. "Kuna mzee wa Mombasa anayataka magari, yote matano. Amesema atakuja na pesa mkononi. Nimemwomba anipe hadi Jumatatu ya mwisho wa mwezi, kwa sababu kuna kundi moja limeandika."

Kundi lenyewe lilikuwa la wauguzi wa Nairobi na wenzao wachache wa maabara, watu kumi na tisa, waliokuwa wakichanga mwaka mzima ili wapande mlima kwa magari. Kiongozi wao alikuwa metroni wa hospitali, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha wagonjwa, na barua yake ilikuwa na sharti moja. Walikwisha kwenda safari mbili na watu wengine, na mara zote mbili nusu ya kundi iliachwa chini ya mlima na gari bovu, ikisubiri nusu nyingine ishuke na picha. Safari hii walitaka magari yote yafike juu, na watu wote. Kama tukiweza, wangetuletea wenzao wa hospitali nyingine kila likizo. Kama hatuwezi, tuseme mapema.

"Basi ni hivi," Bwana Hamadi alisema. "Wakifika juu wote, nina sababu ya kumwambia yule mzee hapana. Wasipofika, nauza, na sote kumi na mmoja tutafute pengine. Nani ana mlima?"

Mchanga tulikuwa nao mwingi, mlima hatukuwa nao. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Mimi ninao."

Nilikuwa nauona kila siku kwenye ramani. Nyuma ya Taru kuna vilima vya mawe, na ofisini tuliuita mmoja wao Mlima wa Tatu kwa kuwa ni wa tatu ukihesabu kutoka barabara kuu. Ramani ilionyesha nukta nukta za njia ya zamani hadi karibu na kilele. Nilipanda basi pamoja na Mutua, tukashuka Taru, na pale sokoni nikamtafuta mtu wa kuuliza. Sikuuliza wanaume. Nilimwendea mama mmoja wa Kiduruma aliyekuwa akiuza mbuzi wake wawili, jina lake Mbeyu, kwa sababu wanaochunga na kuteka maji ndio wanaojua mwinuko kwa miguu yao.

"Njia ipo," Mbeyu alisema. "Walikuwa wakipasua mawe kule, malori yakipanda. Zamani hiyo. Sasa mvua imeila. Ukitaka nitakupeleka, lakini huyu baba mwenye viatu vya kanisani atachoka."

Mutua alichoka. Tulitembea siku tatu, Mbeyu mbele, mimi na ufito katikati, Mutua nyuma akiwa amevua viatu. Chini ya mlima palikuwa na mto mkavu wenye mchanga mzito. Baada ya hapo njia ilipanda juu ya mawe makali yaliyopasuka, na palikuwa na mahali pawili pa kutisha. Pa kwanza ni kizingiti cha mwamba ambacho mvua ilikuwa imekichimba, na kilifika karibu kabisa na alama ya ufito wangu lakini hakikuipita. Pa pili ni miamba miwili iliyosimama kama miimo ya mlango. Niliulaza ufito hapo. Uliingia, ukabaki na nafasi ya vidole viwili.

"Haipiti," Mutua alisema.

"Inapita. Na ile shubiri ya Mzee Mwachiro imo ndani."

"Madam, nikikwaruza hiyo gari, wewe ndio utaongea na Hamadi."

Nilirudi Ukunda nikaandika karatasi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilizipiga chapa mara mbili. Nilimsomea kila dereva ya kwake, mstari kwa mstari, na safari hii hakuna aliyefungia mandazi, kwa sababu hakuna aliyewahi kupanda mlima kwa gari na wote walijua kilichokuwa kinangoja Jumatatu.

Tuliondoka Diani Jumamosi alfajiri, tukapita Kwale na Kinango, jua likizama tulikuwa tumepiga kambi karibu na Taru bila hata pancha moja. Jumapili asubuhi wauguzi walisali ibada fupi, Metroni akihubiri mwenyewe, kisha tukaingia mto mkavu. Karatasi ilisema: simama, toa upepo, tairi libaki nusu, kisha pita. Hilo madereva wetu walilifanya kama kunawa mikono. Mchanga mzito hupitwa kwa tairi laini, mtoto wa pwani anajua. Magari yote matano yalivuka bila kuzama, wageni wakapiga makofi, nami nikajiona mtu wa maana sana.

Tulikuwa tumepanda mawe kwa muda wa nusu saa hivi gari la pili, la Omari, lilipotoa mlio wa kuvuja. Tairi la nyuma lilikuwa limechanika ubavuni. Tukabadilisha, tukaendelea. Hatukumaliza hatua mia, tairi la gari la Mutua nalo likachanika, ubavuni vilevile, tukalibadilisha. Kila gari lilikuwa na tairi moja tu la akiba. Mbele yetu palikuwa bado pana kizingiti na ule mlango wa miamba, na wageni walikwisha kuanza kutazamana kwa ule utulivu wa watu waliowahi kuachwa chini ya mlima.

Niliinama nikatazama tairi la gari la tatu, lililokuwa zima. Lilikuwa limejilaza juu ya jiwe kama unga uliozidi maji, ubavu wake umetokeza nje na jiwe linaukwaruza. Nikaitoa karatasi mfukoni, nikaisoma upya. Toa upepo. Pita mto. Kwea hadi kizingiti. Hapakuwa na mstari wa kujaza upepo.

Lazima niwaeleze kosa hili lilivyotokea, kwa sababu ni la kwetu sisi peke yetu na mtu wa bara asingelifanya. Katika miaka yote niliyopanga safari za kusini, tulitoa upepo tukiingia mchangani na tukajaza tukifika nyumbani. Kuanzia Diani hadi Funzi ni mchanga, kisha lami, kisha pampu ya kituo cha mafuta. Hapakuwa na haja ya kuandika mahali pa kujaza, maana mahali penyewe palikuwa Ukunda. Nilikuwa nimetembea mlima ule siku tatu, nimepima kila jiwe, nikaandika mlima kwa kichwa cha mtu wa ufuoni. Na si mbavu za matairi tu. Tairi likiwa laini gari linashuka, na alama ya ufito wangu ilipimwa matairi yakiwa yamejaa upepo. Kwenye kizingiti tungepigwa tumbo sote.

"Mutua," nilimwita. "Hukuona kwamba matairi ni laini?"

"Niliona."

"Na hukusema?"

"Madam, miaka saba nimekuwa nikitupa karatasi yako. Leo ndiyo siku nimeamua kuifuata yote vile ilivyo."

Omari alisogea karibu, akazungumza chini chini. "Dada Riziki, sema ni mawe. Mawe ya huku ni makali, kila mtu anayaona. Nani atajua?"

Ninawaambia ukweli, nilishawishika. Metroni alikuwa anakuja upande wetu akiwa amefunga leso kiunoni, na mimi nilikuwa na uongo mzuri ulio tayari, na kazi za watu kumi na mmoja nyuma yangu. Lakini kwa uongo ule ningelazimika kuyapandisha magari yakiwa laini vilevile, ili yafanane na maneno yangu. Nikaogopa hilo zaidi ya kuaibika.

"Metroni," nilisema, "matairi yamechanika kwa kosa langu. Tulitoa upepo kule mtoni, na mimi sikuandika wajaze tena. Hawa madereva wamefuata nilichoandika."

Alilibonyeza lile tairi kwa kidole gumba.

"Unaitwa nani, wewe?"

"Riziki."

"Riziki, kule wodini nesi akiniletea kosa lake mwenyewe kabla sijaligundua, huyo ndiye namwachia funguo ya kabati ya dawa. Sasa niambie dawa ya hii ni nini."

"Ni upepo. Matairi kumi na manane, maana yale mawili ya akiba yamejaa, na pampu za mguu tunazo mbili. Itachukua saa nyingi, na tukikaa sana giza litatukuta kwenye miamba."

"Hizo saa ni za madereva wako au za watu wangu?"

"Za madereva, Metroni."

"Basi hujawahi kuona wauguzi wakipewa zamu," alisema, akageuka akapiga makofi mara mbili.

Nimeshuhudia mengi katika kazi hii, lakini sijaona tena kitu kama kile. Aliwagawa watu wake makundi mawili, kila kundi pampu moja, mtu akichoka anapokewa kabla mguu haujasimama. Wakaanza kuimba nyimbo za kwaya, na kwa kuwa pampu inataka mwendo mmoja usiobadilika, kwaya ilifaa kuliko injini. Vijana wa maabara walishindana na wakunga. Wakunga walishinda, wakasema wamezoea kuwaambia watu wasukume. Mutua alipita na kipimo akikagua kila tairi, na lililopungua alilirudisha kwa kundi husika, wakamzomea. Saa ya adhuhuri ilipofika, Omari na wenzake wawili walitandika mikeka juu ya jiwe bapa wakaswali, na kwaya ikashusha sauti yenyewe bila kuambiwa. Walipomaliza kutoa salamu, Omari alikunja mkeka akaenda kumpokea mkunga mmoja pampu. Kufikia saa nane kasoro, matairi yote yalikuwa magumu kama yalivyotoka Ukunda.

Wageni wakapanda kwa miguu hadi juu ya kizingiti ili watazame, nami nikabaki mbele ya gari la Mutua na ufito wangu, nikitembea kinyumenyume. Dereva aliye kwenye mwinuko haoni jiwe lililo chini ya boneti yake. Anaiona mbingu tu. Lazima aamini mkono wa mtu aliye mbele, na Mutua, aliyekuwa akinipigia saluti za kejeli, sasa alikuwa ananikodolea macho bila kupepesa.

"Kushoto. Kushoto zaidi. Simama! Rudi kidogo. Nimesema kidogo, Mutua, huko kwenu kidogo ni kilomita?"

"Endelea kuongea, Madam, usinyamaze!"

Tairi la mbele likakamata mwamba, likapanda. La nyuma likafuata. Tumbo la gari lilipita juu ya kizingiti, na nafasi iliyobaki ingetosha kitabu chembamba. Wauguzi walipiga vigelegele vilivyorudi kutoka upande wa pili wa mlima. Gari la Omari likaja, la tatu, la nne. La tano lilikuwa zito kwa sababu ndilo lililobeba maji, na lilishindwa mara mbili, likiteleza nyuma huku harufu ya klachi inapanda. Mutua alishuka kwenye gari lake, akachukua mawe manne makubwa, akayapanga chini ya kizingiti mwenyewe, akampigia dereva kelele aje na gea ndogo na asiguse breki. Mara ya tatu likapanda.

Kwenye mlango wa miamba nilishusha sauti. Hapo si pa kelele. Kila dereva alikunja kioo chake cha pembeni, akaniangalia mimi tu, na nikamvuta kwa vidole viwili kama mtu anayemwita mtoto aliyesinzia. Moja. La pili. La tatu. La nne. Gari la tano lilipotoa mkia wake baina ya ile miamba bila mkwaruzo hata mmoja, nilikaa chini mahali pale pale nikalia. Si kulia kwa siri. Nililia kwa sauti, kilemba kimeteleza, na Mbeyu, aliyekuwa amepanda na mbuzi wake kuja kuona vituko, akanipiga piga mgongoni akicheka.

"Unalia nini nawe, na yamepita?"

"Ndiyo maana nalia."

Tulifika juu jua likiwa bado na nguvu. Magari matano kwenye safu moja, watu kumi na tisa na madereva watano na mimi, na hakuna aliyeachwa chini. Metroni alitembea safu nzima akiyahesabu magari kwa kidole, kisha akahesabu watu wake, kisha akarudia, na mara ya pili nadhani alihesabu kwa raha tu. Kwa mbali mashariki paling'aa kitu. Omari aliapa kwamba ni bahari ya Diani. Mutua akasema ni mabati ya Kinango. Walibishana hadi magharibi ilipoingia, na mimi sikutaka kujua, nilikuwa nimefurahi kiasi kwamba hata ubishi wao niliuona mtamu.

Ninyi vijana mnalalamika kwamba fomu yetu ya safari ina mistari miwili iliyoshikana kwa wino mwekundu, wa kutoa upepo na wa kujaza, na kwamba haiwezekani kuandika mmoja bila mwingine. Niliibuni mwenyewe wiki iliyofuata. Mzee Mwachiro alipoiona alilalamika kwamba wino mwekundu ni ghali. Kisha akaniuliza kama nilimwambia mgeni kosa kabla au baada ya yeye kuligundua. Nilipomjibu alitia tumbaku kinywani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kulalamikia kwa karibu dakika nzima.

Jumatatu asubuhi tulishuka taratibu, tukafika Taru yapata saa nne. Nilijua kwamba yule mzee wa Mombasa angekuwa amekwisha vuka kivuko cha Likoni kuja Ukunda. Nilimwomba mwenye kituo cha mafuta anikopeshe simu yake, nikapiga Ukunda, na Metroni akasimama karibu yangu mikono kiunoni, Mutua na Omari nyuma yake, wageni wengine nyuma yao.

"Asalaam aleikum, Bwana Hamadi."

"Waaleikum salaam, Riziki." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niambie upesi, nina mgeni hapa mbele yangu. Wazima?"

"Wazima wote, alhamdulillahi."

"Na magari? Yalifika mangapi?"

"Matano."

Laini ikaanza kukoroma. Nikadhani simu imekatika.

"Bwana Hamadi? Yalifika yote matano, yamelala juu kileleni. Matairi mawili yamekufa, na kosa lilikuwa langu, nitakueleza nikija. Metroni anasema Desemba analeta watu arobaini. Anasema uandike sasa hivi, yuko hapa ananisimamia."

Kisha nikasikia mkono wa simu unawekwa juu ya meza, na kiti kinasukumwa nyuma, na sauti ya Bwana Hamadi ikitokea mbali, pana na ya heshima, ikizungumza na mtu mwingine.

"Mzee wangu, nakutaka radhi sana, umevuka maji bure. Magari yangu yana kazi. Lakini wallahi huondoki hapa hujanywa chai."